Wifi Yangu na Lango la Mzee Đệ

Wifi yangu Xuyến ana kichwa kigumu. Nasema hivi nikiwa dada wa mume wake, kwa hiyo nina haki yangu. Mdogo wangu Khoát alipomleta nyumbani kutoka kwao, huko kwa wavua kamba, hakuwa amewahi kupanda baiskeli hata siku moja, maana kwao kila mahali walikwenda kwa mtumbwi. Khoát akasema atamshikia kiti kwa nyuma ajifunze taratibu. Akakataa. Alijifunza peke yake kwenye njia ya mtoni, akawa anaingia kwenye majaruba ya watu na kutoka na tope mpaka kwenye nyusi, na watoto wa jirani wakija kumtazama kama ngoma. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikamwambia, wifi, mpunga huo una wenyewe. Akanijibu kwamba mpunga utasimama tena, na yeye pia.

Nilimnunia kwa muda mrefu baada ya jibu hilo. Mimi nikinuna huwa nanuna kweli.

Kazi ya Khoát ilikuwa kutembeza wageni kwa baiskeli. Aliwachukua mjini Huế, hotelini, akaja nao kandokando ya Mto Hương mpaka huku kijijini kwetu, akawapitisha kwenye kingo za majaruba, kwenye banda la uyoga la mama Thục, kwa Bẩm mfuga bata, kisha kwenye shamba la mibalungi la Mzee Đệ. Mwisho waliletwa kwangu wale wali wa kome. Hakuna aliyekimbizwa. Mgeni akitaka kusimama kumtazama nyati anaoga, wote walisimama. Khoát alikuwa akisema anayetaka mbio apande treni. Yeye alitangulia na kusema, Xuyến alifuata nyuma na pampu na gundi ya kuzibia pancha, na hivyo ndivyo walivyoishi, tena vizuri. Wivu wangu niliumeza zamani.

Msimu wa mvua uliopita ini la Khoát likachoka. Lilichoka haraka. Tulimzika mwezi wa kumi wa kalenda yetu, maji yakiwa yamejaa mpaka mguu wa kilima cha makaburi, na Xuyến akavaa msiba, kipande cheusi cha kitambaa kifuani.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanza. Kwetu mwenye msiba habishi hodi kwa watu wakati wa Tết, sikukuu yetu ya mwaka mpya, asije akawapelekea nuksi ya mwaka mzima. Mwaka ukishaanza vizuri wengi hulegeza, lakini kijiji chetu ni cha watu wa zamani, na kazi ya wifi yangu yote ni kuingia kwenye malango ya watu. Sasa utaingiaje? Mimi nikampa shauri ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitoa. Desturi inaruhusu. Unawasha udi mbele ya picha ya marehemu, unaomba ruhusa, unabandua kile kipande cheusi kifuani, na umemaliza. Wajane wengi wanafanya hivyo siku hizi, hata kabla udongo wa kaburi haujakauka, na hakuna anayewasema.

Alikuwa anatia mafuta mnyororo wa baiskeli. Hakuinua kichwa.

"Wifi, kazi nitafanya na msiba nitauvaa," akasema. "Vyote viwili."

"Na malango?"

"Malango yana ua. Juu ya ua sauti inapita."

Nilimwambia haya, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi naye asitake kufua chuma kwa meno. Hakucheka. Na mimi sikuwa nafanya mzaha, maana nilijua kinachomngoja. Binamu yake alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi kwenye kiwanda cha nguo huko kusini, kule wanakokwenda wanawake wote wa huku wanaoshindwa. Matembezi yakifa, Xuyến angepanda basi, na binti yao Nhi angebaki kwangu, amwone mama yake mara moja kwa mwaka, akiwa amekonda na kuleta peremende. Nhi nampenda kuliko macho yangu. Lakini mtoto ana mama yake, si kifaranga wa kuachiwa jirani.

Basi akaanza. Siku ya kwanza aliwaleta wageni wawili watatu, yeye mbele, nyuma hakuna mtu. Kwa Bẩm hakukuwa na shida, Bẩm alisema bata wake hawajui matanga, aingie tu. Mama Thục wa uyoga alimwomba asimame njiani, na Xuyến akasimama, akaegemeza baiskeli kwenye ua wa michai, akawaeleza wageni habari za uyoga kwa kupaza sauti juu ya majani, huku mama Thục ndani akinyoosha kidole kwa kila kinachotajwa. Wageni walidhani ndiyo mila. Mmoja wao, kijana mwenye adabu zake, alitoka naye akasimama nje kwa heshima, na ikabidi Xuyến amsukume arudi ndani.

Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kwa Mzee Đệ hakukuwa na cha kuchekesha.

Wengine wanalima mibalungi kwa kuuza. Mzee Đệ anailima kama mtu anavyolea. Baada ya Tết inachanua, shamba zima linakuwa jeupe, na harufu yake inavuka mto. Huo ndio wakati mkulima analala jicho moja, maana ua likidondoka sasa, hakuna tunda mwezi wa saba. Na wazee wote wanaamini kwamba mwenye msiba akipita chini ya mti unaochanua, maua hupukutika. Hata mimi naamini, sioni haya. Kwa hiyo Mzee Đệ alipomwona wifi yangu na kipande chake cheusi analeta wageni, aliweka pingo la mwanzi langoni akasema haingii yeye wala wageni wake, maana nao wamepanda baiskeli za nyumba yenye msiba. Alisema bila ukali. Aje msiba ukiisha, akamwambia, na msiba wa mume unaisha baada ya zaidi ya miaka miwili.

Miaka miwili. Mwanamke wa pale hotelini, anayewapangia wageni safari, hakuwa na hata miezi miwili ya kungoja. Picha iliyobandikwa ukutani kwake ni ya shamba la Mzee Đệ likiwa na maua, na hilo ndilo wageni wanalolitaka. Akamwambia Xuyến kwa upole kwamba kuna kijana wa mjini mwenye vigari vya umeme, amekwisha kuja kuulizia. Kama wageni wajao hawataingia kwenye mibalungi, njia nzima atampa huyo kijana. Kufa kufaana, wahenga walisema kweli. Vigari vya umeme kwenye kingo zetu za majaruba! Nilitamani waingie wote kwenye tope na viatu vyao.

Xuyến hakulia wala hakumlaani mtu. Kila asubuhi alikwenda akasimama nje ya lango la Mzee Đệ, ng'ambo ya njia, mbali kiasi cha kutosha kuonyesha heshima. Mzee alipita ndani na fagio lake kama haoni. Watu wakaanza kumtania wifi yangu, wakamwita mlinzi asiye na mshahara. Nilimwambia anatutia aibu. Akasema yeye anaangalia miti.

Na kweli alikuwa anaangalia. Siku moja alirudi akanikuta naosha kome, akachuchumaa karibu yangu, akauliza ile safu ya chini, ya upande wa mto, ni ya nani.

"Ya Mzee Đệ, ya nani tena?"

"Nauliza aliyeipanda."

Nikamwambia. Gharika ile kubwa, Khoát akiwa kijana mbichi, maji yaling'oa mibalungi yote ya upande wa mto. Mzee Đệ alikuwa na mgongo mbovu tayari, na Khoát akawa anakwenda kumsaidia. Ni Khoát aliyebandua magome ya matawi ya safu ya juu, akayafunga matawi hayo kwa udongo mpaka yakatoa mizizi, akayakata, akayapanda chini, akabeba tope la mto kwa vikapu mpaka mabega yakachubuka. Mama yetu alimgombeza kwamba anamlimia mtu mwingine bure. Alikuwa hivyo, mdogo wangu. Ukimwomba kikombe cha maji anakuchimbia kisima.

Xuyến aliosha nami kome wachache. Kisha akasema safu ya juu ni nyeupe tupu, lakini ya chini maua yamedondoka na majani yanageuka manjano, na mambo hayo yameanza zamani, kabla yeye hajakaribia pale. Halafu akaniuliza kama kile kitambaa cheupe cha mazishi kimebaki.

Ndipo nilipoelewa. Aliyepanda mti akifa, mti lazima uambiwe. Unafungwa utepe mweupe shinani uvae msiba kama mtoto wa nyumba, la sivyo unahuzunika bila kujua kwa nini, unanyauka, unamfuata. Siku ya maziko tulifunga miti yetu yote, mpopoo, mbirimbi, hata ule mfenesi usiozaa. Hakuna aliyefikiria ng'ambo ya ua. Na Mzee Đệ mwenyewe, anayejua mambo haya kuliko sisi sote, alihesabu mwenye shamba akasahau mwenye mikono. Mwenye shamba ni yeye, yeye yu hai, kwa hiyo miti haikufiwa. Kosa la mtu anayejua sana desturi.

Nilisema twende tukamwambie sasa hivi. Xuyến akasema hapana, kesho, pamoja na wageni. Nikauliza kwa nini aingize wageni kwenye jambo la msiba. Akasema akienda peke yake atakuwa mjane anayeomba, na yeye haendi kuomba, anakwenda kazini. Akaniambia nami nije, nikae nyuma na pampu.

Sasa mimi na baiskeli tuliachana zamani, kiuno changu na kiti chake havielewani. Lakini nilikwenda. Wageni walikuwa mtu na mkewe, Waholanzi wastaafu, warefu kama minazi, waliojisifu kwamba kwao mtu anazaliwa juu ya baiskeli, kisha walipoona ukingo wa jaruba, maji huku na maji kule, wakashuka wakazikokota. Nikawapita. Niliona raha hiyo na sitaificha. Kwa Bẩm yule mama wa Kiholanzi alilisha bata kwa mkono wake akapiga kelele za furaha, kwa mama Thục Xuyến alihubiri juu ya ua kama kawaida, na mimi njia nzima moyo ulikuwa unanidunda, na si kwa sababu ya pedali.

Mzee Đệ alikuwa langoni kabla hatujafika. Alituona kutoka mbali, na pingo la mwanzi lilikuwa mahali pake. Xuyến alishuka, akaegemeza baiskeli, akavua kofia yake ya majani, akaenda na kile kitambaa cheupe mkononi mpaka langoni kabisa, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mazishi.

"Mzee, sikuja kukuletea msiba," akasema. "Msiba umo humo ndani tangu mwezi wa kumi. Safu ya chini imefiwa na hakuna aliyeiambia."

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi, kama vile anauliza dada mtu amekubalije upuuzi huu.

"Miti ni yangu, mwanangu," akasema. "Na mimi ni mzima."

"Shamba ni lako. Ile miti aliipanda nani?"

Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, ya vikapu vya tope na mabega ya mdogo wangu, lakini Xuyến aliniona nikifungua kinywa akanikanyaga mguu. Mzee Đệ akageuka polepole kutazama mtoni. Pale aliposimama safu ilionekana vizuri, majani yake ya manjano, chini maua yaliyodondoka. Alikuwa akiyafagia kila asubuhi, maskini mzee wa watu, akimlaumu yule mwanamke wa ng'ambo ya njia. Nilimwona anavyofika mwenyewe kwenye jambo lile. Uso wake ulisawijika, nikamwonea huruma ambayo sikuwa nimepanga kumwonea.

"Khoát," akasema. Basi, jina tu. Kisha akanyoosha mkono juu ya pingo. "Nipe hicho kitambaa. Nitaifunga mimi, na wageni wako waingie."

Hapo ningekuwa mimi ningempa kitambaa mbio mbio. Wageni wanaingia, hoteli inaridhika, kiwanda kinasahaulika, unataka nini tena? Yule wifi yangu akakikunja kile kitambaa kifuani.

"Hapana, mzee. Mfiwa ni mimi. Miti inaambiwa na mfiwa."

"Na maua ya juu yakianguka?"

"Yakianguka nitabandua matawi nipande mingine kwa mikono hii. Na siku nikifa mimi, Nhi atakuja kuifunga."

Waholanzi walikuwa wamesimama nyuma yetu na baiskeli zao, hawaelewi neno, lakini hata wao walitulia. Mzee Đệ alikaa na mkono juu ya ule mwanzi mpaka nikadhani amelala amesimama. Sijui aliwaza nini. Mzee wa umri wake havai msiba wa mtu mdogo, desturi haimruhusu, kwa hiyo yeye tangu mwezi wa kumi hakuwa na pa kuiweka huzuni yake ila kwenye fagio. Kisha akaliinua pingo, akalisimamisha pembeni, akasema tupite chini, tusikanyage mizizi.

Xuyến alikwenda moja kwa moja mtoni. Alianza mti wa mwanzo, akapiga magoti, akachana utepe kwa meno, akaufunga shinani, akaweka kiganja juu ya gome. Maneno ya kusema ni mafupi na kila mtu kwetu anayajua. Unautajia mti aliyekufa, unauambia usimfuate.

"Khoát aliyekupanda amefariki. Usimfuate. Kaa."

Akaenda wa pili, akasema vilevile. Wa tatu, vilevile. Sauti yake haikupanda wala kushuka, ilikuwa ile ile anayoombea njia sokoni. Mzee Đệ alimfuata nyuma akikaza mafundo. Mimi nilijiambia sitalia mbele ya wageni, nikalia, nikalia vibaya, na yule mama wa Kiholanzi akanipa kitambaa chake ingawa hakujua ninalilia nini. Kufika katikati ya safu Xuyến alianza, "Khoát aliyekupanda," na neno lililobaki halikutoka. Alijaribu tena. Halikutoka. Tangu mazishi nilikuwa namwambia avue msiba, na wala sikuwa nimejiuliza kama amewahi kulisema neno lile kwa kinywa chake. Mzee Đệ hakumsaidia, na alifanya vizuri. Alisimama tu, kofia mkononi. Wifi yangu aliegemeza paji la uso kwenye ule mti, akakaa hivyo.

Kisha akalisema. Alilisema kwa nguvu kama mtu anayeinua gunia.

"Amefariki. Usimfuate. Kaa."

Na akaenda mti uliofuata, na uliofuata, mpaka mwisho wa safu, hakuruka hata mmoja.

Alipomaliza alinawa uso mtoni, akarudi na maji yakimdondoka kidevuni. Wageni wakamwuliza tulikuwa tunafanya nini. Aliwaambia kwa Kiingereza chake alichojifunza barabarani, na akanieleza baadaye alichosema, kwamba mume wake aliipanda miti hii na alikuwa anaipa habari ya kifo chake. Yule Mholanzi akavua kofia yake ngumu ya baiskeli akaishika kwa mikono miwili. Mzee Đệ alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mto, ametugeuzia mgongo, na bila kugeuka akamwambia Xuyến kwamba wengine awalete asubuhi zaidi, jua likipanda harufu inakimbia.

"Nitawaleta," akasema Xuyến.

Kisha akavuta chini tawi moja la safu ya juu, jeupe kwa maua, kile kipande cheusi bado kifuani pake, akachomoa kisu kidogo mfukoni, akawaita wale wageni wasogee karibu. Akaanza kuwaonyesha jinsi mume wake alivyokuwa akibandua gome ili tawi litoe mizizi.